Landledi wa Ukingoni mwa Msitu

Miezi ya kiangazi, Landledi, mwenye nyumba wetu, hakumsalimia mtu kabla ya kunusa hewa. Alitoka kwake asubuhi, kitambaa kimefungwa kichwani, sweta ya kijani imefungwa vifungo vyote, akapanda mpaka kwenye kiwanja chetu. Hapo alisimama, akainua pua upande wa msitu, akatulia kama mtu anayesikia jina lake likitajwa mbali. Sisi wapangaji tulisubiri milangoni na mabeseni yetu. Akishatosheka, alitugeukia: "Haya, mmeamkaje?" Asipotosheka, salamu hazikuwepo siku hiyo. Aliuliza tu, "Hiyo moshi ni ya nani?"

Na ilikuwa lazima ajibiwe. Kama ni moshi wa jiko la jirani, tuseme ni nani na anapika nini. Kama ni moshi usiojulikana, alichukua panga na kuteremka mwenyewe kwenda kuutafuta.

Nilikaa kwenye ploti yake ya vyumba vya kupanga tangu nilipokuja Nairobi kumfuata mume wangu, aliyekuwa fundi wa mbao, mpaka binti yangu Rasoa akawa mrefu kunipita. Mambo ya kuzaliwa kwa Landledi na ukoo wake siyajui, wala sikuwahi kuyauliza. Jina lake nililijua, maana lilitajwa kanisani, lakini kwenye ploti halikutumika. Usoni tulimwita Mama. Akitupa mgongo alikuwa Landledi. Mimi aliniita Mama Rasoa, na mume wangu alimwita Fundi, hata alipokuwa amemkasirikia.

Nieleze palivyokuwa, kwa sababu leo ukienda huwezi kupatambua. Shamba la familia yao lilikuwa Kawangware, lakini kipande chake yeye kilikuwa kimevuka barabara ya Ngong, kikateremka kuelekea msituni. Juu, karibu na barabara, ndipo palipokuwa na vyumba vyetu, mstari mmoja wa kuta za matope na mabati. Chini yetu lilikuwa shamba lake la mahindi. Chini ya shamba, nyumba yake ya mbao, ya rangi ya bluu iliyofifia. Na chini ya nyumba hakukuwa na mtu tena. Zilikuwa nyasi za serikali zinazomfika mtu kifuani, halafu mikaratusi, halafu msitu wenyewe. Ukifuata kijia cha kando ya nyasi hizo ulitokea Kianda, Kibera. Wakati huo kati ya Kibera na sisi palikuwa bado na kichaka, na fisi tuliwasikia.

Miaka mingi msitu ulikuwa rafiki. Ulitupa kuni na uyoga, na kivuli cha kulaza watoto wagonjwa wa surua waliochoka na joto la mabati. Lakini mvua za Novemba zikikataa, kufikia Januari nyasi ziligeuka rangi ya simba, na tukaanza kuutazama kwa jicho jingine. Wawindaji wa sungura waliwasha moto humo. Warina asali waliwasha moto humo. Vijana wa kuvuta bangi nao. Kila kiangazi ungeona mahali moshi umesimama juu ya miti, na usijue utaelekea wapi.

Landledi alikuwa na maneno yake juu ya jambo hilo. "Nyasi ni ya serikali," alikuwa akisema, "lakini moto ikitoka huko itakuwa yangu." Au akimkuta mtu amekaa kivulini mwezi wa Januari: "Moto haina mlango ya mbele. Wewe kaa hapo uingojee ibishe." Neno nililolipenda zaidi alimwambia jirani yake wa Kawangware waliyegombania naye mpaka: kwamba jirani mzuri ni yule mliyepakana naye kwa udongo uliolimwa. Alikuwa na maana ya moto, lakini jirani alielewa vingine, na hawakusemezana mpaka Pasaka.

Kulima mpaka ndiyo iliyokuwa njia ya watu wake. Wenye mashamba wa Kawangware kila mmoja alilinda cha kwake. Walichimba mtaro upande wa nyasi, na nyuma ya mtaro wakapanda viazi vitamu, kwa sababu majani yake hukaa mabichi hata jua likiwaka vipi. Landledi alichimba wa kwake kwa mikono yake. Aliwahi kukodisha vijana, akaukagua mtaro wao, akawalipa pesa yao yote, akaurudia kuuchimba upya peke yake. Ukimpita akiwa ndani ulikiona kitambaa tu, kinapanda na kushuka. Ukimwambia, "Pole na kazi, Mama," alijibu bila kuinua kichwa, "Si kazi. Ni woga."

Kwa Wanubi wa Kibera ilikuwa vingine. Wazee wao waliishi na msitu huo kabla yetu sote, na jina lenyewe la Kibera limetoka kwenye neno lao la msitu. Nyumba zao zilikuwa pana, zenye veranda, na viwanja walivifagia mpaka udongo ukang'aa kama sakafu. Mtaro hawakuchimba. Walikuwa na mbuzi. Mzee mmoja aliyekaa Kianda, mwenye kofia nyeupe na fimbo ya mkaratusi, alipitisha mbuzi wake ukingoni mwa nyasi kila siku, nao wakazila mpaka zikabaki fupi kama nywele za mtoto aliyenyolewa juzi. Upande wake moto ulifika ukafa wenyewe kwa njaa. Tatizo ni kwamba mbuzi hawasomi mipaka.

"Salaam aleikum, mama," alisema Mzee wa Mbuzi siku moja, akiwa amesimama ng'ambo ya mtaro.

"Aleikum nini? Mbuzi yako imekula viazi yangu."

"Wamekula na nyasi pia. Nipe ruhusa niwalete upande wako huu wiki moja tu. Hawa ndio panga langu. Silinoi."

"Panga yako ina mdomo," Landledi akasema. "Peleka huko."

Mzee akacheka, akainua kofia kidogo, akaenda zake. Landledi alimtazama mpaka akapotea. Kisha akaniambia mimi niliyekuwa nikianua nguo, "Huyo mzee ana heshima," kana kwamba nilikuwa nimembishia.

Na sisi wapangaji? Wengi tulitoka Magharibi, Waluhya na Wajaluo wachache. Kwetu nyasi huchomwa mapema, zikiwa bado na ubichi kidogo, jioni isiyo na upepo, wanaume wamezunguka na matawi mabichi mikononi. Moto huo hutambaa polepole kama kobe, na moto mkubwa ukija baadaye unakuta meza imeshaondolewa vyombo. Kila Desemba mume wangu alimwendea Landledi kumwomba ruhusa wachome ukanda mmoja chini ya mtaro. Kila Desemba alikataliwa. Basi tulibaki na njia ya watu wasio na ardhi. Kila nyumba iliweka sanduku karibu na mlango, na ndani yake nguo za kanisani, blanketi moja, sufuria, na vyeti vya shule. Hatukuwa na shamba la kulinda. Tulilinda kitu ambacho mtu mmoja anaweza kubeba akikimbia.

Masanduku hayo yalimuudhi. "Nyinyi mnakaa kwangu kama watu wa stesheni," alituambia. Yeye hakuwa na sanduku lolote. Alikuwa na mtaro.

Sababu ya kukataa kwake niliijua siku moja tu, na ni kwa bahati. Alikuwa ameniita nimsaidie kupukuchua mahindi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Tulikaa uani kwake, kando ya ua mrefu wa saipresi uliozunguka nyumba ile ya bluu na kupanda ubavuni mwa shamba mpaka kona ya vyumba vyetu. Mume wangu alikuwa amekataliwa tena wiki hiyo, nami nikajaribu kumwombea.

"Mama, huo moto wa Fundi ni mdogo. Ni wa kusaidia."

Mikono yake ikasimama juu ya gunzi.

"Wakati wa Emajensi ya Mau Mau," akasema, "nyumba yangu ya kwanza ilichomwa. Mchana, watu wote wakitazama. Tuliambiwa ni ya kutusaidia, tuhamie mahali watatuchunga vizuri." Akaendelea kupukuchua. "Mimi nimeona moto ya kusaidia, Mama Rasoa."

Sikuuliza ni nani waliochoma, naye hakusema. Siku hizo watu waliochoma na waliochomewa walikuwa wakikutana kanisani Jumapili, wakipeana mikono.

Kwa hiyo alikuwa mtu wa kuogopa moto kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na hapohapo alikuwa amejizungushia kuni. Ua ule wa saipresi ulipandwa na marehemu mume wake. Ulikuwa mzuri kwa nje, kijani kibichi, umekatwa kwa mstari ulionyooka. Ukiingiza mkono ndani ulikuta majani makavu yaliyojaa miaka kwa miaka, yenye mafuta, yanayonukia kama dawa ya viatu. Kila mtu alimwambia. Jirani zake wa Kawangware walimwambia, wao waliopanda ua wa kaiyaba yenye miiba na migomba. Mzee wa Mbuzi alimwambia kwa adabu, akizunguka maneno. Mume wangu alimwambia bila kuzunguka.

"Mama, hiyo fensi ni utambi. Ikishika chini, itafika kwetu juu kabla hujamaliza kuita."

"Wewe ni fundi ya mbao, unaona kila mti ni mbao," akamjibu. Jumamosi hiyo tulimwona juu ya ngazi, akiukata ua juu kwa mkasi, taratibu, akirudi nyuma kila mara kutazama kama umenyooka.

Wapangaji wengi hawakumpenda. Alizima majiko ya watu. Akiona jiko la makaa limewekwa nje upepo ukivuma, alikuja na sufuria ya maji bila kuuliza, na ugali wako ukaishia hapo. Kijana mmoja mwenye mdomo alimwita "Faya", kama watu wa zimamoto, na jina likataka kushika. Lakini mwanamke akijifungua kwenye ploti, asubuhi yake alikuta mlangoni chupa ya uji wa wimbi, wa moto, umetiwa maziwa, na aliyeuleta ameshaondoka. Nilizaa watoto watatu pale. Uji ulikuja mara zote. Sikuwahi kumkuta akiuleta.

Mwaka wenyewe uliokuja kututenda, mvua fupi hazikunyesha kabisa. Ilikuwa Jumapili ya Februari, tumetoka kanisani, kila mtu ana nguo zake nzuri. Upepo ulikuwa ukitoka msituni kwa nguvu, ukipandisha vumbi kwenye kiwanja. Moshi ulikuwa umeonekana tangu asubuhi, lakini mbali, upande wa Lang'ata. Landledi hakwenda kanisani ingawa alikuwa amevaa. Nilimkuta amesimama pale pake kiwanjani na gauni la maua, mkoba mkononi, ananusa.

Kabla sijafungua mlango, Mzee wa Mbuzi alitokea kwenye kijia, kofia mkononi, na wanawe wawili nyuma yake wakihema. Hakuwahi kuvuka mtaro ule tangu nimjue. Siku hiyo aliuruka.

"Moto umevuka kijito cha msituni!" akasema. "Kwetu hauji, umekuta nyasi fupi. Umegeukia kwenu."

Tukaangalia. Juu ya mikaratusi moshi haukuwa mweupe tena. Ulikuwa mweusi, na ndani yake tulisikia kitu kama mvua kubwa inayokuja juu ya mabati, ila hakukuwa na mvua. Watu wakakimbilia masanduku. Wanawake tuliwapeleka watoto barabarani, tukawakalisha juu ya mizigo. Wanaume wakavunja matawi. Kutoka ng'ambo ya barabara wakaja baadhi ya wenye mashamba wa Kawangware na majembe, hata yule jirani wa ugomvi wa mpaka.

Mume wangu aliteremka mpaka karibu na nyumba ya bluu, akaangalia, akarudi mbio.

"Mama, mtaro hautoshi."

"Nimechimba mimi."

"Najua. Lakini huu upepo unarusha cheche juu ya mtaro. Fensi ikishika, imepanda mpaka vyumba."

"Sasa unataka nini, Fundi?"

Akaonyesha kwa mkono. "Tukate fensi hapa kwenye kona ya vyumba. Halafu tuwashe mabua kutoka huku juu, yaende yakiungua chini yakutane na ule moto. Ukifika hapa hautapata chakula."

Landledi akatazama shamba, mabua makavu yaliyosimama tangu mavuno. Akatazama chini ya shamba.

"Na nyumba yangu?"

Mume wangu aliangalia viatu vyake vya kanisani. Mwishowe ni Mzee wa Mbuzi aliyesema, polepole, "Nyumba yako iko katikati, mama."

Nilimwona akigeuka kutazama barabarani, walipokuwa watoto. Rasoa alikuwa amembeba mdogo wake, na mtoto wa chumba cha pili alikuwa akilia akitaka kurudi kuchukua kuku. Landledi aliwatazama kwa muda. Kisha akasema, "Ngojeni nitoe ng'ombe."

Niliteremka naye. Joto lilikuwa tayari limefika. Macho yaliwasha, na majivu yalikuwa yakituangukia kama maua ya kahawa. Alimfungua ng'ombe, akanipa kamba. Akaingia ndani. Nikadhani atatoka na nguo, au picha ya marehemu iliyokuwa ukutani, au hata godoro. Nilimwita, "Mama, harakisha, leta nikusaidie!" Akatoka na mkoba wake uleule wa kanisani, bila kitu kingine chochote mkononi. Akauvuta mlango, akatia kufuli, akalivuta kuhakikisha limeshika, akatia ufunguo kifuani. Kama mtu anayekwenda sokoni.

"Twende," akasema.

Juu, wanaume walikuwa wamekata ua kwenye kona na kuburuta matawi mbali, na kusafisha mstari wa udongo mtupu chini ya vyumba. Mume wangu alikuwa na kiberiti mkononi. Alikuwa akimngoja yeye.

"Lete," akasema Landledi.

"Mama, acha mimi nitaiwasha."

"Lete hapa. Nyumba yangu haitachomwa na mtu mwingine tena."

Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo. Ya pili akaikinga kwa mkoba, akainama, akaiweka kwenye mabua kwa uangalifu, kama anavyowasha mtu jiko lake. Akasogea hatua chache, akaiweka mahali pengine. Wanaume wakamfuata wakieneza. Moto ukasita kwanza, ukatambaa chini dhidi ya upepo, halafu ule mkubwa ukaanza kuuvuta, nao ukakimbia kuuendea.

Mioto miwili ilikutana kwenye nyumba. Ua wa saipresi ulilipuka wote kwa pamoja, sauti yake kama shuka linalopasuliwa. Nyumba ya bluu ilisimama kidogo ndani ya moto, tukaiona bado madirisha yake, na baadaye mabati yakaanza kulia na kujikunja, ikaenda. Baada ya hapo kulikuwa na weusi tu, na moshi, na wanaume wakipiga cheche kwa matawi na magunia yaliyoloweshwa. Vyumba vyetu vilibaki. Hakuna aliyekufa. Kuku wa yule mtoto alipatikana juu ya paa.

Landledi hakulia. Alisimama na ng'ombe wake mpaka jioni. Watu walimpita wakirudisha masanduku, kila mmoja akisema, "Pole, Mama," naye akijibu kila mmoja, "Tumeshapoa." Mzee wa Mbuzi alikaa karibu naye juu ya jiwe mpaka wakati wake wa sala ulipofika.

Chumba cha mwisho kwenye mstari kilikuwa wazi. Humo ndimo alimohamia. Usiku huo nilimpelekea ugali na mboga. Alipokea mlangoni, akashukuru, akafunga. Wengine nao walipeleka, mmoja blanketi, mwingine sufuria. Hatukujua la kufanya zaidi ya hapo. Mtu anakaaje na mwenye ploti anayelala chumba kama chako, anayefuata maji kwenye mfereji kama wewe? Alipopanga foleni na debe lake, waliokuwa mbele walimpisha. Alikataa, wakampisha tu. Akipita, watu walishusha sauti. Hata yule kijana mwenye mdomo alianza kumwambia "Shikamoo", neno ambalo kwenye ploti ile halikuwa limewahi kusikika, na likamfanya aonekane mgeni zaidi.

Lakini juu ya moto, mambo yalibadilika. Desemba iliyofuata ni yeye aliyemfuata mume wangu. "Fundi, hiyo moto yenu ya kobe. Jioni gani haina upepo?" Walichoma ukanda chini ya mtaro, yeye akitembea nyuma yao na debe la maji, akimwagia mahali palipokwisha kuzima. Mzee wa Mbuzi alipewa ruhusa yake, na mbuzi walikuja asubuhi, wakafukuzwa kwenye viazi, wakarudi, wakafukuzwa tena. Waliogombana naye juu ya mipaka wakaunganisha mitaro yao na wake, ikawa mmoja mrefu. Moto ulikuja kiangazi hicho, na kingine, ukafika kwenye ukanda mweusi, ukafa. Watu wa Kawangware walianza kuja Kianda kununua maziwa ya mbuzi. Hayo yote yalitokana na yeye, na katika hayo yote alikuwa katikati ya watu, akitoa amri kwa sauti kubwa. Jioni ikifika kila mtu alikwenda kwake.

Mwanawe alikuwa na kazi nzuri mjini. Alikuja na gari zaidi ya mara moja kumchukua. Tulisikia wakibishana chumbani.

"Mama, unakaa kama mpangaji kwenye ploti yako mwenyewe!"

"Nani atachunga nyasi?"

"Nyasi ni ya serikali!"

"Ndiyo hiyo nimesema."

Mwishowe alishinda mwana, au ulishinda mwili. Magoti yake yalikuwa yamekataa mtaro. Kipande kiliuzwa. Sisi tulikuwa tumeshahamia Kianda, mume wangu alipata karakana huko. Mzee wa Mbuzi alifariki, na ni mazishini kwake niliposikia kwamba Landledi yuko kwa mwanawe na kwamba haoni vizuri.

Nilimtembelea siku ya kazi, katikati ya miaka ya themanini. Nyumba ilikuwa ya mawe, mtaa wenye mageti na mbwa. Mlinzi aliniuliza mimi ni nani kwake, nikashindwa, nikasema, "Tulikaa pamoja." Nilimkuta kwenye veranda, amekaa kwenye kiti, shuka magotini, uso umegeuzwa kwenye ukuta wa jirani.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mama. Mama Rasoa."

Akanyoosha mikono yote miwili, nikampa yangu. Hakuiachilia.

"Rasoa ameolewa?"

"Ameolewa, Kakamega. Ana mtoto wa kiume."

"Na Fundi?"

"Yuko. Mgongo unamsumbua."

Msichana wa kazi akaleta chai, akaondoka. Nilimweleza kwamba pale kwake sasa wanajenga nyumba za mawe, na zile nyasi zimekatwakatwa vishamba vya sukuma wiki mpaka karibu na miti. Alisikiliza, lakini niliona hayo si aliyokuwa akiyataka. Alisema hapa wanamtunza vizuri. Asubuhi wote huondoka, jioni wote hurudi. Alikunywa chai kidogo.

"Wewe ulikuwa unacheka sana," akasema.

"Mimi?"

"Wewe na yule mama wa chumba ya katikati. Jioni, mkipika. Ukuta ilikuwa ya matope, nilikuwa nasikia yote. Ila hiyo lugha yenu sikujua. Nilikuwa nangoja mcheke, ndio nami nicheke."

Nikamtazama. "Peke yako, Mama? Chumbani?"

"Sasa na nani?" Akatabasamu kidogo. "Nilikuwa nasema, leo wataniita."

"Mama, tungekuita vipi? Ulikuwa landledi."

"Eeh," akasema. "Mngeniita vipi."

Mbwa wa jirani alibweka, akanyamaza. Alivuta shuka juu ya magoti.

"Ilikuwa ni nini?" akauliza. "Ya kuchekesha hivyo?"

Nilijaribu kukumbuka. Yalikuwa mambo ya kila siku, yamepotea. Nikapata moja, la mwalimu wa kwaya ya nyumbani aliyemeza nzi katikati ya wimbo na akaogopa kusimamisha kwaya, kwa hiyo akaendelea kupunga mikono huku machozi yanamtoka, na kwaya ikadhani ameguswa na Roho, wote wakaanza kulia. Nilimwambia yote, nikamtafsiria hata wimbo. Kwa Kiluhya tulikuwa tumeshikilia mbavu. Kwa Kiswahili haikuchekesha hata kidogo. Nilipofika mwisho, alikuwa amenigeuzia uso, yale macho yake yasiyoona vizuri yakinitafuta, akingoja nianze.

Nikacheka. Ndipo naye akacheka.